Fundi wa Kinu na Sahani Mbili

Tak!

Ndivyo kilivyolia kitufe cha redio kaseti ya mama yake, kila upande mmoja wa kanda ulipofika mwisho. Kitufe kiliruka chenyewe, na chumba kizima kikanyamaza. Ndugu sita juu ya mkeka mmoja walitulia kama maji mtungini. Hakuna aliyesema neno mpaka aliye karibu ainuke, aigeuze kanda, airudishe mahali pake, na wimbo mwingine uanze kujikohoza polepole kutoka mbali. Ule ukimya wa katikati, mtoto mmoja kati yao aliupenda kuliko nyimbo zenyewe. Aliamini kwamba ndipo wimbo uliokwisha ulipokuwa unavaa viatu vyake na kuondoka.

Mtoto yule sasa ana miaka hamsini na minane, na watu wanamwita Mvi. Jina hilo alilipata akiwa na miaka ishirini na miwili, mwezi wa kwanza alipoajiriwa kwenye kinu cha kusaga nafaka. Unga ulimkaa kichwani, kwenye nyusi na masikioni, kijana akawa mzee kabla ya saa sita mchana. Mvi za kweli zilipokuja, zilikuja kimyakimya, na hakuna aliyezitambua. Hata mkewe alizigundua siku alipomwosha kichwa na unga ukakataa kutoka.

Kinu chenyewe kiko mwisho wa barabara, ndani ya jengo refu lenye dirisha moja juu kabisa. Asubuhi mwanga huingia hapo kama ubao mweupe, na vumbi la unga hupanda ndani yake na kushuka, kupanda na kushuka, kana kwamba lina safari lakini limesahau ya wapi. Chini yake kuna mawe mawili mazito. Moja limelala, jingine linazunguka juu yake. Na kazi ya Mvi ina sheria mbili tu. Ya kwanza: mawe yasikutane matupu, maana yataanza kulana. Ya pili: unga wa mtu usiguse unga wa mwenzake. Kwa hiyo punje za mteja zinapokaribia kwisha, Mvi huzungusha gurudumu la mkono na kuliinua jiwe la juu kidogo, huacha kilichobaki kishuke chote, hugonga mlizamu wa kutolea unga mara tatu kwa nyundo ya mti, hungoja. Ndipo humwita anayefuata. Mwanamke aliyeleta mahindi haondoki na mtama wa jirani, hata kiasi cha kijiko. Kwa miaka thelathini na sita hajalalamikiwa.

Anajua punje zimebaki ngapi bila kutazama. Kiganja chake cha kulia hukaa juu ya ubao wa kinu, na ubao humwambia.

Lakini kinu hakitoi bila kuchukua. Mvi haongei, anatangaza. Akikuuliza habari za nyumbani, barabara nzima inajibu. Kwa miaka mingi mkewe alimbembeleza avae vizibo vya masikio, naye akacheka.

"Nikiziba masikio, kinu kitanisemesha vipi?"

"Haya, baba. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Unasemaje?"

"Ndiyo hayo ninayosema!"

Mwaka huu alikubali kwenda kwa daktari wa masikio. Daktari alimfungia ndani ya kijumba chenye kuta za sifongo, akampigia mlio mmoja mmoja, kisha akamwonyesha karatasi. Juu yake mstari ulianza vizuri upande wa kushoto, halafu ukateremka kuelekea kulia kama mtu anayeshuka kilima bila kutazama nyuma.

"Sauti nzito unazo bado, mzee wangu. Nyembamba zinaondoka. Ndege, njuga, mbinja."

"Zitarudi?"

"Zilizokwenda zimekwenda. Tulinde zilizobaki. Vaa vizibo kazini kila siku. Hata hivyo, nikwambie kweli, baada ya mwaka mmoja au miwili muziki utakuwa kitu kingine kwako."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani hakuwaza kinu. Aliwaza ukumbi mmoja wa dansi, wenye sakafu ya mbao iliyopakwa nta, ambako alimwona mkewe kwa mara ya kwanza. Ukumbi ule ulikuwa na adabu yake: wimbo ukiisha, mwanamume humrudisha mwanamke kitini, husema asante, hurudi upande wake. Wimbo wao wa kwanza ulianza kwa njuga ndogo peke yake, kisha ngoma, kisha gita. Miguu yao ilikuwa ndiyo kwanza imeelewana, wimbo ukakatika. Akamrudisha kitini. Fundi cherehani mmoja mwenye suruali iliyonyooka akamwinua kwa wimbo uliofuata.

Siku ya harusi mkewe alimwambia, akicheka, "Nyimbo zote nzuri zimenikatikia miguuni." Naye akajibu, "Ipo siku nitakupigia wimbo usiokatika." Yalikuwa maneno ya bwana harusi, na maneno ya bwana harusi hayalipiwi kodi. Ikapita miaka thelathini na mitatu. Watoto wanne walizaliwa, wakakua, wakatoka. Mwanamke hakumkumbusha hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma alipokuwa akitembea na karatasi ya daktari mfukoni. Alitaka alasiri moja tu. Nyimbo za ujana wao, moja ikiingia ndani ya nyingine bila mshono, kwa mikono yake mwenyewe, wakati bado anazisikia.

Siku ya kunoa mawe kinu husimama saa nane. Siku hiyo Mvi alijipangusa, akaingia duka la vyombo vya muziki. Mwenye duka ni mwanamke wa makamo anayevaa waya shingoni kama shanga, ndiyo maana anaitwa Mama Waya. Zamani alipiga muziki kwenye sherehe za watu. Sasa anauza vyombo na kuwafundisha wanaovinunua.

"Nataka ile mashine ya DJ," Mvi alitangaza. Wateja wawili waligeuka.

"Ya kijana wako, mjomba?"

"Ya kwangu!"

Mama Waya hakucheka. Alimtazama kidogo, akapangusa kaunta kwa kiganja, akaweka kontrola tatu, mashine za kuunganishia nyimbo, mbele yake kama mtu anayeandaa chakula kwa mgeni asiyemjua bado.

Ya kwanza ilikuwa pana kama meza, ina taa za rangi kila mahali na nafasi za nyimbo nne kwa pamoja. Mvi aliitazama akahisi kama ameingia mji ambao kila mtu anazungumza wakati mmoja. Ya pili ilikuwa ndogo, inaingia kwenye mfuko wa koti, na vitelezi vyake vya kusukuma kwa kidole vilikuwa vifupi kama kucha.

"Hiyo kubwa utaiogopa," alisema Mama Waya. "Hiyo ndogo utaichoka kabla ya mwezi. Mwanafunzi anadanganywa na taa, mjomba. Usinunue taa. Tazama hii ya katikati."

Ya katikati ilikuwa nyeusi, haina majivuno. Ilikuwa na sahani mbili za kuzungusha, kila moja ukubwa wa kisosi. "Sahani hii wimbo mmoja, sahani hii wimbo wa pili," alieleza. "Ukiigusa ubavuni inausukuma wimbo mbele kidogo, au inaurudisha nyuma kidogo. Hapa katikati kuna kitelezi. Kikilala kushoto, watu wanasikia wimbo wa kushoto. Ukikivuta kulia, wanasikia wa kulia. Kikisimama katikati, wanasikia zote mbili."

"Na hiki kirefu?"

"Cha mwendo. Kinauharakisha wimbo au kuupunguza kasi. Nimekuchagulia chenye urefu kwa makusudi. Kifupi ukikigusa tu kinaruka. Kirefu kinakuruhusu kukosea kidogokidogo."

Mvi alifumba macho, akakisukuma kile kitelezi kwa kidole kimoja. Kilikwenda laini, kizito kidogo, kama gurudumu lake la kuinulia jiwe. Akatabasamu macho yakiwa bado yamefumba.

"Hili tundu la mbele ni la hedifoni," Mama Waya aliendelea. "Hapa ndipo siri ya kazi ilipo. Watu wanasikia wimbo mmoja kwenye spika, wewe unausikia unaofuata sikioni, peke yako, kabla yao. Na sauti inatoka humu humu ndani, huhitaji kununua kisanduku kingine. Waya mmoja mpaka kwenye laptopu, programu inakuja nayo, basi."

"Kusikia kabla yao," Mvi alirudia, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini na kwa wengine ilikuwa ya kawaida. Akainunua.

Mkewe alipoiona mezani aliizunguka mara moja, mikono kiunoni.

"Hiki nacho ni nini, Mvi?"

"Cha kupotezea muda."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kisinijazie meza tu."

Alijifunzia chumba cha mbele, alasiri, pazia likivuta pumzi dirishani. Zile nyimbo za zamani zilimjia kutoka kwenye laptopu, kila moja ikiwa imechorwa kwenye kioo kama safu ya milima: milima minene ndiyo besi, vilele vyembamba ndiyo ile milio midogo ya juu. Aliziangalia zikipita kama mtu aliyelala nyuma ya gari akitazama nchi. Alizungusha vitufe vya sauti, kimoja cha besi, kimoja cha kati, kimoja cha juu, akaona wimbo ukivuliwa nguo na kuvishwa. Akiondoa besi, waimbaji walielea. Akiondoa kati, walizama, ngoma zikabaki zikitembea chini ya maji.

Kulikuwa na kitufe cha kulinganisha, ambacho ukikibonyeza mashine yenyewe huzipatanisha kasi za nyimbo mbili. Alikibonyeza, taa zikakubaliana, akafurahi. Baada ya dakika moja ngoma zikaanza kukanyagana vidole.

"Nyimbo zako zilipigwa na watu, si na saa," Mama Waya alimwambia alipomfuata dukani kwa somo. "Mpiga ngoma akimwona msichana mzuri anaharakisha. Kitufe hakimjui yule msichana. Itabidi mkono wako umjue."

Basi Mvi akaweka kiganja cha kulia juu ya spika, kama anavyokiweka juu ya ubao wa kinu, na kidole cha kushoto ubavuni mwa sahani. Besi ikapanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Ndani ya wiki ya tatu aliweza kuzipatanisha nyimbo mbili kwa kiganja hicho, akizisukuma kidogo, akizirudisha kidogo, mpaka zikatembea hatua moja. Mama Waya alimsikiliza akatikisa kichwa kwa mshangao.

Lakini kuziunganisha hakuweza. Kila mara wimbo wa kwanza ulipokaribia mwisho, mkono wake uliondoka kwenye kitelezi wenyewe. Aliuacha uishe. Aliuacha ushuke wote, mpaka punje ya mwisho. Mara nyingine hata aligonga meza mara tatu. Akangoja. Ndipo akauruhusu wa pili uingie.

"Mjomba, mbona unaniachia shimo katikati? Watu watatumbukia!"

"Siwezi, mwanangu. Miaka thelathini na sita sijachanganya cha mtu na cha mtu."

"Hizi ni nyimbo!"

"Najua ni nyimbo. Mkono ndio haujui."

Mama Waya alicheka mpaka waya zikamdondoka shingoni. Mvi alicheka pia, lakini alirudi nyumbani amenyong'onyea. Alijaribu alasiri ile, na iliyofuata, na nyingine tena. Kila mara shimo. Ndani ya shimo lile alimwona mkewe akirudishwa kitini, na fundi cherehani akinyoosha suruali yake.

Siku moja mkewe alikuwa mlangoni, anakunja nguo zilizokauka.

"Unagonga meza yangu ya nini?"

Alimweleza. Hakumwambia ni kwa nini anajifunza. Alimwambia tu kuhusu mkono. Mkewe alilikunja shati moja polepole, akaliweka juu ya mengine.

"Watoto walipokuwa wadogo," alisema, akiinua sauti ili imfikie, "tulikuwa tunaleta magunia mawili kinuni kwako. Moja mahindi, moja mtama. Uligonga katikati?"

Mvi alifikiri. "La."

"Kwa nini hukugonga?"

"Yalikuwa ya kwetu yote. Unga wa nyumba moja, unamgongea nani?"

"Haya. Na hizo nyimbo ni za nyumba ya nani?"

Akabeba nguo zake akaenda. Mvi alibaki ameketi, kiganja juu ya spika. Vumbi lilielea katika mwanga wa dirisha. Wimbo wa kwanza ulipofika karibu na mwisho, aliuvuta mkono wake kama mtu anayemvuta mtoto mwenye aibu, akakisogeza kitelezi mpaka katikati. Nyimbo mbili zikasimama ndani ya chumba kimoja, kama ndugu waliokutana mlangoni, mmoja anatoka, mmoja anaingia, na kwa muda wameshikana mikono. Kisha ule wa kwanza ukawa haupo, na hakuna aliyeona ulipopitia.

Wiki mbili alielea kwa furaha. Kazini alivaa vizibo, na dunia ikawa laini pembeni, kama mtu anaitazama kupitia shuka. Alizipanga nyimbo saba. Ya mwisho ilikuwa ile ya ukumbini, inayoanza kwa njuga peke yake, kwa muda mrefu, kabla ya ngoma kuingia.

Siku aliyouweka wimbo huo kwenye sahani, hedifoni haikutoa kitu. Kwenye kioo vile vilele vyembamba vilipita, vingi, vimepangana kama meno ya kitana, lakini sikioni palikuwa kimya. Akaihamishia sikio la pili. Akakizungusha kitufe cha sauti za juu mpaka mwisho wake. Akachomoa hedifoni, akafungulia spika.

"Baba!" mkewe alipiga kelele kutoka jikoni. "Unatutoboa masikio!"

Mvi alidhani analalamikia besi. Akaifunga mashine ndani ya sanduku lake, akaibeba mpaka dukani.

"Kitufe cha juu ni kibovu," alitangaza. "Njuga hazitoki."

Mama Waya aliiunganisha na spika za dukani, akaucheza wimbo. Akakizungusha kitufe kile kidogo tu, na macho yake yakakunjamana, mteja mmoja akaziba masikio. Mvi aliona yote hayo. Aliwatazama wote wawili, nyuso zao, kisha akakitazama kile kitufe. Mama Waya alikirudisha chini taratibu.

"Usihangaike, mwanangu," alisema Mvi. "Nimeelewa."

"Chagua wimbo mwingine wa mwisho, mjomba. Njuga hazina besi, kiganja hakitakusaidia. Utauingiza vipi wimbo usiousikia?"

"Ndio wenyewe huo. Mwingine hautafaa."

Alipofika nyumbani mkewe aliuliza kama wameitengeneza. "Hawakuwa na la kutengeneza," alijibu. Mwanamke alimpokea sanduku, akaliweka mezani kwa mikono miwili, polepole mno kwa kitu chepesi vile.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Mvi alisukuma viti ukutani na kulikunja zulia. Mkewe alitokea na mwiko mkononi.

"Tunahama?"

"Simama hapo katikati. Nilikwambia kitu siku ya harusi."

Mwanamke alisimama. Ilimchukua muda. Kisha mwiko ukashuka polepole mpaka ubavuni.

"Niliona ni maneno ya bwana harusi," alisema.

"Yalikuwa hayo hayo. Weka mwiko."

Akaanza. Wimbo wa kwanza ulimkuta mkewe bado na haya, anacheza kwa mabega tu. Wa pili uliingia ndani ya wa kwanza, naye akainua uso, akangojea ukatike, haukukatika. Kwa wa tatu alivua ndala. Pazia lilivuta pumzi na kutoa. Wa nne, wa tano. Alasiri ikalegea, mwanga ukageuka asali kwenye sakafu, na mwanamke wa miaka hamsini na mitano akapita ndani yake huku na huku, hakuna aliyemrudisha kitini.

Kisha wa sita ukakaribia mwisho, na wa saba ukawa tayari kwenye sahani ya kulia. Mvi aliweka kiganja juu ya spika: ngoma za wimbo unaoondoka, basi. Sikioni hakukuwa na kitu. Alijua tu kwa macho, kwenye kioo, kwamba njuga zimeanza. Akakisogeza kitelezi katikati.

Mkewe alisita. Miguu yake ilikuwa bado kwenye ngoma za zamani, lakini mabega yalikuwa yameitwa na kitu kingine, na miguu na mabega havikuelewana. Alipepesuka kidogo, kama mtu aliyeitwa na watu wawili. Mvi aliinua macho kutoka kwenye kioo. Akayatazama mabega yale. Akagusa ubavu wa sahani, akausukuma wimbo mbele unywele mmoja. Mkewe akapepesuka zaidi. Mvi akaurudisha. Kidogo. Kidogo tena, macho hayabanduki. Bega la kushoto likashuka pamoja na mguu wa kushoto, la kulia na wa kulia, na mwili mzima wa mwanamke ukawa kitu kimoja, ukaanza kwenda kama zamani, juu ya mbao zilizopakwa nta. Mvi akakivuta kitelezi mpaka mwisho. Muda mrefu kiganja chake hakikuhisi chochote. Halafu, kutoka chini kabisa, ngoma ikaingia mkononi, mahali pake hasa.

Mkewe alimjia akicheza, uso umelowa, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kuweka mdomo kwenye sikio lake.

"Zile njuga," alisema. "Umezisikia, mume wangu?"

Mvi alitikisa kichwa. Na yeye ambaye barabara nzima ilijua sauti yake, alisema kwa mnong'ono, akiwa bado anamtazama mabegani:

"Sikuzisikia. Nilikuona wewe ukizisikia."